Mtu wa kifafa kijijini: jinsi ya kumhudumia na jinsi ya kuongea na wanaomuogopa

Mtu akianguka kifafa kijijini watu wanakimbia. Wanasogea mbali wanaangalia, mwingine anavuta watoto ndani anafunga mlango, na yule aliyeanguka anabaki peke yake pale chini, kama ameangukia kwenye mafiga anaungua huku watu wazima wenye nguvu zao wapo wanamtazama. Na hao sio watu wabaya, ndio walewale wanaochimba kaburi la jirani na kupika msibani siku tatu bila kulipwa, ila toka wadogo wameambiwa povu likikugusa na wewe umeupata, wengine wanaambiwa ushuzi wa mtu aliyeanguka ukiunusa tu basi, mkojo wake ukiukanyaga basi. Kwaiyo haya nimeyaandika kwa ajili ya yule ndugu mmoja kwenye familia ambae ameamua hatakimbia. Yote mengine, dawa, shule, ndoa, yanaanzia hapo kwenye kumshika, mana mtu ambae wenzake wanaogopa kumgusa hata dawa iwepo hakuna atakaempeleka kliniki kuifata.

Mi naandika kama mtu mwenye mdogo wake mwenye kifafa, na nyumbani kwetu ni Morogoro huko vijijini, kwaiyo mifano mingi ni ya Tanzania, ila watu wa pwani ya Kenya na kwingine nadhani mtajiona humu humu.

Akianguka ufanye nini

Kwanza angalia saa. Simu unayo mfukoni, angalia ni saa ngapi na dakika ngapi, mana ukiwa na hofu dakika moja unaiona nusu saa na baadae dokta atakuuliza ilichukua muda gani. Pili angalia alipoangukia, kama kuna moto, maji, mawe, jembe, panga, ngazi, sogeza vitu au msogeze yeye, moto na maji ndio vya kuvikimbilia kwanza kuliko chochote. Mwekee kitu laini chini ya kichwa, kanga iliyokunjwa inatosha, legeza kola, mkanda, shanga au skafu ya shingoni. Halafu mgeuze alale ubavu ili mate na povu vitoke nje visirudi kooni, kama bado anatupa mikono na miguu kwa nguvu subiri ipungue kidogo ndo umgeuze. Kama ni mwanamke au msichana mfunike kanga, hili wengi wanalisahau, nguo inapanda watu wamezunguka wanaangalia na yeye akiamka aibu hiyo inamuuma kuliko kidonda.

Usimkandamize chini kwa nguvu kuzuia asitetemeke, unaweza kumtegua bega na kifafa hakitaisha mapema kwa sababu umemshika. Usimuwekee kijiko mdomoni, wala kijiti, wala ufunguo, wala kidole chako. Watu wanasema atameza ulimi, ulimi haumezeki, anaweza kuung'ata ndio na ukatoka damu, ila ulimi unapona na meno yaliyovunjwa na kijiko hayarudi. Usimpe maji wala dawa ya kunywa mpaka awe ameamka kabisa anakujibu. Usimnusishe kiatu, kitunguu, petroli au moshi wa manyoya, havimuamshi, kinachotokea ni kwamba degedege huwa linakata lenyewe ndani ya dakika mbili tatu na alieshika kiatu muda huo ndo anasifiwa.

Likipita dakika 5 halijakata, au limekata likaja lingine kabla hajapata fahamu, hiyo ni hospitali, tafuta bodaboda mbili au gari, mtu amshikilie vizuri, msisubiri mtu wa kushauriana nae. Vilevile kama ndo mara yake ya kwanza, kama ameumia kichwa, kama ameangukia kwenye maji, kama ni mtoto mwenye homa kali au shingo imekakamaa. Na mjamzito akianguka akatetemeka hata kama hajawahi kuwa na kifafa maishani mwake, kimbizeni hospitali saa hiyohiyo, hiyo inaua mama na mtoto, na hirizi haina nafasi hapo kabisa.

Akiamka anakuwa kachanganyikiwa, anaweza kulia, anaweza kutaka kuondoka bila kujua anakwenda wapi, anaweza kulala masaa. Kaa nae. Mwambie jina lake, mwambie yupo wapi, mwambie "ulianguka, imeisha, mi nipo hapa". Kama amejikojolea waambie watu watawanyike kwanza halafu ndo umsaidie kubadili nguo.

Sasa kwanini watu wanaamini wanachoamini

Hapa naomba usome taratibu, mana ukienda kwa wazee ukawaambia "hayo ni mambo ya kizamani" umeshashindwa kabla hujaanza. Wazee wana macho, wameona vitu, na karibu kila imani yao kuhusu kifafa kuna kitu cha kweli walikiona wakakipa maelezo mengine. Ukijua walichokiona utaweza kuongea nao.

Wanasema kinaambukiza, kinatembea kwenye ukoo. Walichokiona ni kwamba nyumba moja inakuwa na watoto wawili watatu wanaoanguka, na ni kweli hiyo inatokea. Mahenge, wilaya ya Ulanga, ni mahali panapojulikana dunia nzima kwenye mambo ya kifafa, mwanzoni mwa miaka ya 1960 daktari mmoja mzaliwa wa Norway, Louise Jilek-Aall, alifungua kliniki ya kifafa pale Kwiro baada ya kukuta wagonjwa wengi sana kati ya Wapogoro, wengine wamewekwa kwenye vibanda pembeni peke yao na wengi wana makovu ya moto. Alikuta pia watoto wanaotikisa kichwa kwa kushuka chini na kupanda, mara nyingi wakiwa wanakula, wenyeji wanaita kusinzia kichwa. Leo inajulikana kwamba maeneo yenye usubi mwingi, ule ugonjwa wa minyoo unaopofusha macho, ndio yenye kifafa kingi, Mahenge ni hivo, kaskazini mwa Uganda ni hivo, na usubi unaletwa na inzi wadogo weusi wanaozaliana kwenye mito yenye maji yanayokwenda kasi. Sasa watoto wa nyumba moja wanachota maji mto mmoja, wanaumwa na inzi walewale, kwaiyo wanaugua wote, na bibi akitazama anaona laana ya ukoo. Sasa hapo bibi kaona vizuri, ila maelezo ndo yamepita kushoto. Kwaiyo kama unaishi sehemu ya usubi zile dawa za usubi, Mectizan, zinazogawiwa bure kwenye vitongoji hakikisha watoto wote wanaoruhusiwa wanameza kila zikija, msizifiche chini ya godoro.

Kuna na nguruwe. Sehemu zinazofuga nguruwe wanaozurura, mtu akila nyama isiyoiva yenye vile vipunje vyeupe anapata tegu tumboni, halafu kinyesi chake kinatoka na mayai ya tegu, na mayai hayo yakiingia mdomoni mwa mtu kwa mikono michafu, maji au mboga zisizooshwa vizuri, yanaweza kwenda mpaka kwenye ubongo na kuleta kifafa. Ndo mana hata mtu asiyekula nguruwe kabisa anaweza kukipata, na ndo mana tena inakuwa nyumba moja au majirani. Choo, kunawa mikono, kumfungia nguruwe bandani na kupika nyama ikaiva mpaka ndani, hiyo ndo kinga yenyewe.

Halafu mtoto aliyechelewa kulia alipozaliwa, malaria iliyopanda kichwani, homa ya uti wa mgongo, kuumia kichwa kwenye ajali ya bodaboda, vyote hivi vinaacha kovu kwenye ubongo na kovu hilo baadae linaleta kifafa. Kuna wengine chanzo hakijulikani, na wengine ni cha kurithi ila ni wachache kuliko watu wanavodhani. Ubongo unafanya kazi kwa umeme mdogomdogo, kifafa ni pale umeme huo unapopiga shoti kwa dakika chache, ndo hivyo tu, na povu ni mate yaliyochanganyika na hewa kwa sababu muda huo hamezi. Ni mate yaleyale anayotema kila siku.

Wanasema akishaungua moto haponi tena. Walichokiona ni kwamba walioungua wengi hawakupona, na ni kweli, mana anayeungua ni yule anayeanguka mara kwa mara na hana dawa, kwaiyo kilikuwa kikali toka mwanzo, moto haukubadilisha kitu kwenye ubongo wake. Imani hii inaumiza sana mana mtu akishaungua familia inakata tamaa kabisa, inaacha hata kumpeleka hospitali, wakati ndo anatakiwa apelekwe haraka zaidi. Mtu mwenye kovu la moto anatibika sawasawa na asiye nalo.

Wanasema mtoto mwenye degedege akichomwa sindano anakufa. Walichokiona ni watoto waliofikishwa hospitali wakiwa wamechelewa, baada ya siku nzima ya kufukizwa kinyesi cha tembo na mitishamba, wakachomwa sindano ya kwanza na wakafariki muda huohuo. Sindano ikabeba lawama ya masaa yaliyopotea.

Na wanasema mganga fulani anaponyesha. Hili nalo lina sababu, kifafa kinakuja na kuondoka, mtu anaanguka mara mbili wiki moja halafu anakaa miezi bila kitu, na familia inakwenda kwa mganga ile wiki mbaya, kwaiyo hata wangekaa nyumbani ingetulia. Tena degedege la homa kwa watoto wadogo wengi linaisha lenyewe wakikua. Alietoa mbuzi ataamini mbuzi amefanya kazi, na mimi simlaumu.

Kuongea na bibi, mganga, mchungaji na shehe

Usianze na maneno, anza na vitendo, na vifanyike mbele za watu. Nyumba nyingi mtu wa kifafa ana sahani yake na kikombe chake vimewekwa pembeni, analala peke yake, halishwi kwenye sinia moja na wenzake. We kaa nae kwenye sinia moja, mle wote, siku ya kwanza watanyamaza wanakuangalia, siku nyingine watazoea. Akianguka we ndo umfute povu, kwa kitambaa, bila haraka, watu wakiona. Ukishafanya hivo kwa muda ndo uongee, na uongee kwa adabu: "Shikamoo bibi. Bibi mi toka mwaka jana namshika, namfuta povu kwa mkono huu, nalala nae chumba kimoja, na nipo mzima kama unavoniona. Bibi ungekuwa unaambukiza si ningeshaanguka?" Muachie hapo. Usimbane akubali siku hiyo, mtu mzima akibanwa mbele ya wajukuu atakataa hata anachokiamini.

Tafuta mtu mmoja tu mwenye sauti akusaidie, inaweza kuwa mwenyekiti wa kitongoji, mhudumu wa afya wa jamii, mwalimu mstaafu, mkunga wa zamani. Kwetu sisi ilikuwa mjomba, alivoanza yeye kumshika wengine wakafata, mana watu walikuwa wanasubiri kuona atakaefanya hivo atapatwa na nini.

Kuhusu mganga, mi ushauri wangu usiweke familia kwenye kuchagua mganga au hospitali, mana kijijini ukiwalazimisha wachague wengi watachagua anayewajua na anayelala nao jirani. Ongea nao hivi: nendeni mkitaka, ila mambo matatu hayaguswi, dawa za hospitali hazikatizwi hata siku moja, hachanjwi chale kwa wembe uliotumika kwa mtu mwingine, na hanyweshwi wala hafukizwi kitu akiwa hajitambui. Kaongee na mganga mwenyewe pia, kwa heshima, umwambie mgonjwa yupo kwenye dozi na ikikatika ghafla anaweza kuanguka mfululizo mpaka akafa. Wapo waganga wanaoelewa na wanawarudisha wagonjwa zahanati wenyewe. Anayesema lazima aache dawa za hospitali ndio afanye kazi, huyo msirudi kwake, na hela ya mbuzi na kuku mweusi ikawe nauli ya kliniki.

Kanisani na msikitini napo. Wapo wanaosema ni pepo wakishika Marko sura ya 9, yule kijana aliyekuwa anatoka povu na kuangushwa kwenye moto na maji. Mi nikiongea na watu wa kanisani nawaomba wasome mpaka mwisho wa habari ile, mana pale watu waliposema kijana amekufa, Yesu alimshika mkono akamwinua. Na kwa Waislamu kuna hadithi iliyopokewa na Ibn Abbas, iko kwa Bukhari na Muslim, ya mwanamke aliyekuwa anaanguka akaenda kwa Mtume kuomba dua, akaambiwa ukitaka subiri na utaingia Peponi, na ukitaka nitakuombea upone, akasema atasubiri, ila anaomba tu aombewe asiwe anafunuka nguo anapoanguka. Akaombewa. Hakufukuzwa na hakuitwa mwenye laana. Shehe wa mtaa wenu hadithi hiyo anaijua, mwombe aiseme hata kwenye darsa, neno lake moja litafanya kazi kuliko maneno yetu mengi. Maombi yaendelee, dawa iendelee, anayewaambia watupe dawa kuonyesha imani anawaweka kwenye hatari kubwa.

Hospitali na dawa

Shirika la Afya Duniani linasema duniani kuna watu kama milioni 50 wenye kifafa na mpaka 70 kati ya kila 100 wanaweza kuishi bila kuanguka kabisa wakigundulika na kutibiwa vizuri. Rudia kuisoma hiyo, mana kijijini tunaamini ni ugonjwa wa maisha usio na dawa, wakati dawa ipo, ya zamani, na ni ya bei nafuu. Inayotumika sana huku kwetu ni fenobabitoni, vidonge vidogo vinavyomezwa mara nyingi usiku, zipo na kabamazepini, fenitoini na valproeti, dokta ndo anachagua.

Anza kwenye zahanati, watakuandikia rufaa ya kituo cha afya au hospitali ya wilaya. Sehemu nyingi kifafa kinahudumiwa kwenye kliniki ya afya ya akili, na hapo ndo wengi wanaishia njiani mana wanaogopa kuonekana wamepeleka mtu kwa vichaa. Mwambie mgonjwa wako mapema kabla hamjafika, kifafa sio ukichaa, wamewekwa pamoja tu kwa sababu wataalamu ni walewale. Nenda na alieshuhudia akianguka, mana mgonjwa mwenyewe hakumbuki kitu, na kama kuna simu yenye kamera mtu mmoja arekodi kidogo wakati mwingine anamhudumia, akaonyeshwe dokta tu, isiende kwenye magrupu ya whatsapp. Video hiyo inamsaidia dokta kutofautisha kifafa na kuzimia au kuanguka kwa msongo wa mawazo. Msikate tamaa mkikuta hakuna mashine ya kupima umeme wa ubongo, dokta anaweza kuanza dawa kwa maelezo mazuri. Daftari la shule liwe la kumbukumbu, tarehe, saa, ilichukua muda gani, alikuwa amekosa dawa au usingizi.

Dawa za mwanzo zinaleta usingizi, mtu anakuwa mzito, watoto wengine kwenye fenobabitoni wanakuwa wasumbufu na wakorofi, familia inasema dawa zinamharibu inaacha. Usiache, rudi useme, dozi inapunguzwa au dawa inabadilishwa. Wiki za kwanza akiendelea kuanguka haina mana dawa haifanyi kazi, dozi inapandishwa polepole. Kitu kibaya kuliko vyote ni kukata ghafla, kwaiyo usisubiri kidonge cha mwisho, zikibaki za wiki mbili anza kutafuta, kipindi cha mvua njia inakatika, anzeni mapema zaidi. Mkiambiwa stoo hamna, ulizeni kituo kingine kabla ya kurudi nyumbani mikono mitupu, na msibadili aina ya dawa kwa sababu muuza duka la dawa amesema inafanana.

Kwa wasichana na wanawake kuna ya ziada na mara nyingi hawaambiwi. Fenobabitoni, kabamazepini na fenitoini zinapunguza nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango na vijiti, kwaiyo waseme kliniki zote mbili wanachotumia. Valproeti ina madhara kwa mtoto tumboni, mwanamke anayeweza kushika mimba aongee na dokta kabla. Na akishika mimba asiache dawa mwenyewe kwa hofu, aende haraka akapangiwe. Anayetumia ARV nae aseme, kuna dawa zinagongana. Anayefunga Ramadhani aende kwa dokta kabla mwezi haujaanza apangiwe saa za kumeza, futari na daku, na kukesha usiku kucha kunaamsha kifafa iwe mkesha wa kanisani au ngoma, pombe nayo hivohivo.

Nyumbani

Moto ndio adui namba moja. Mafiga ya chini yanyanyuliwe, hata jiko la udongo la kiunoni mtu anaweza kujenga mwenyewe, au jiko lizungushiwe ukuta mdogo. Asipike peke yake mpaka dawa zimetulia, na asilale karibu na moto hata kipindi cha baridi. Maji yafatwe na mwenzake, asiende mtoni, ziwani wala kisimani peke yake, aoge kwa ndoo na mlango usifungwe komeo, mtu akae karibu. Asipande mnazi, mwembe, wala dari. Kitanda kiwe kifupi. Asiendeshe pikipiki wala gari.

Halafu baada ya kusema yote hayo, usimfungie ndani. Nimeona wazazi wanaomficha mtoto kwa kumpenda, hatumwi, halimi, hachezi, anakua hajui kitu, na siku wazazi hawapo anabaki mzigo kwa watu wasiomtaka. Alime akiwa na wenzake, afuge kuku, ajifunze kushona, auze genge, apewe kazi yake na hela yake.

Shuleni nenda mwenyewe ukaonane na mwalimu wa darasa, usisubiri aanguke kwanza. Sema hivi: "Mwalimu, mwanangu ana kifafa, yupo kwenye dawa, akianguka naomba afanyiwe hivi na hivi, namba yangu hii, na akiamka aendelee na darasa akiweza." Mwombe awaonyeshe wanafunzi jinsi ya kumgeuza ubavu, watoto wakipewa kazi ya kusaidia wanaacha kumcheka, nimeona hilo kwa macho yangu, mmoja anashika saa, mwingine anasogeza madawati, wanakuwa wanajivunia. Shule ikikwambia mkae nae nyumbani mpaka apone usikubali, nenda kwa mwalimu mkuu, afisa elimu kata, mpaka ofisi ya wilaya.

Ndoa nayo isemwe wazi. Kuna familia zinaficha mpaka siku ya harusi kisha bibi harusi anaanguka ugenini, na anarudishwa kwao kwa aibu. Tena Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971 inataja kifafa cha kujirudia kwenye sababu ambazo mtu anaweza kuomba mahakama ibatilishe ndoa kama hakujua wakati anaoa au anaolewa. Mi naona sheria hiyo imepitwa na wakati, lakini ipo, kwaiyo mchumba aambiwe kabla mahari haijapokelewa, aende nae kliniki siku moja akaulize maswali yake yote. Waliokimbia wapo, na waliobaki wakijua wapo pia, na hao ndio ndoa inakaa. Watoto wengi wa mzazi mwenye kifafa hawakipati, hilo nalo waambieni wakwe.

Akikaa mwaka bila kuanguka watu wataanza kuuliza mbona bado anameza dawa, si kapona, na yeye mwenyewe atachoka atataka kuacha. Mwambie bado. Kawaida dokta anafikiria kupunguza baada ya kama miaka miwili bila kuanguka hata mara moja, na anapunguza kidogokidogo kwa miezi, wengine wanaacha kabisa na wengine kikirudi wanarudishwa kwenye dozi. Majirani wakiuliza jibu ni fupi tu: "ameacha kuanguka kwa sababu anameza."